Wakulima wa mwani wa Rote, na kamba za mama yangu

Kuna kisiwa kinaitwa Rote, kipo kusini kabisa mwa Indonesia, ukishakipita hapo mbele ni bahari mpaka Australia. Kwa ukubwa kinaizidi Pemba kidogo ila hakiifikii Unguja. Kwenda huko unafika kwanza Kupang, mji ulioko kisiwa cha Timor, ndo unapanda boti. Mie sijafika, ila habari zake nazifuatilia miaka sasa kwa sababu mama yangu analima mwani Jambiani, huku Unguja, na watu wa Rote nao wanalima mwani, na lililowapata wale naona kila mtu wa pwani yetu anatakiwa alijue.

Rote ni kukavu. Mvua zinanyesha kama kuanzia Disemba mpaka Machi hivi, baada ya hapo ni jua tu, ardhi inapasuka, mpunga na mahindi wanalima lakini sio kila mwaka yanatosha. Kinachowabeba tangu enzi za mababu ni mti wa mvumo, wenyewe wanauita lontar. Mgema anapanda asubuhi, anapanda tena jioni, anakata karara kidogo kidogo na kukinga, yaani vilevile kama wagema wetu wanavyofanya kwenye mnazi. Tembo tamu wanalinywa hapohapo, linalobaki linapikwa mpaka linakuwa asali ya tembo, inahifadhiwa kwenye vyungu, na chakula kikiwa kimepungua familia inachanganya ile asali na maji inakunywa siku inapita. Majani wanaezekea nyumba, wanasuka kofia, wanakunja ndoo ya kutekea, na ndoo hiyohiyo wakaitia mwanzi na nyuzi ikawa ala ya muziki inaitwa sasando, sauti yake laini sana, itafuteni mtandaoni msikilize. Kwa hiyo mtu akisema hawa ni maskini hawana kitu namuomba kwanza afikirie ni watu wa aina gani wanaoweza kutoa chakula, nyumba na muziki kwenye mti mmoja.

Mwani ulikuja baadae, na ulipokuja ulibadilisha mambo. Kwa mara ya kwanza watu wa vijiji vya pwani wakawa na hela ya kueleweka, maana mwani hausubiri mvua. Unafunga mche kwenye kamba, unaacha kama wiki sita, unavuna, unaanika, mnunuzi anakuja. Kule nyumba nzima inaingia kazini, baba yuko majini, mama na watoto wako kivulini wanafunga miche, na kamba zao wanazifanya zielee kwa chupa tupu za plastiki. Watu wakajenga nyumba za matofali, wakasomesha watoto. Mwani wenyewe unatolewa kitu cha kugandishia ambacho kinatiwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno, inawezekana leo asubuhi umepigia mswaki jasho la mtu wa Rote au la mama yangu.

Sasa tarehe 21 Agosti 2009 kisima cha mafuta kinaitwa Montara, upande wa Australia katika Bahari ya Timor, kilipasuka. Kilikuwa kama kilomita 250 kutoka Rote. Mafuta yalimwagika zaidi ya siku 70, mpaka Novemba ndo wakafanikiwa kukiziba. Wakulima wakaona maji yamebadilika, mafuta yanaelea, na mwani ukageuka mweupe, ukalegea, ukakatika kwenye kamba ukaanguka. Walipojaribu kupanda tena haukukubali kama zamani, na iliendelea hivyo miaka. Mtu aliyekuwa anavuna tani anarudi nyumbani na kamba tupu. Kampuni iliyokuwa inaendesha kisima, PTTEP Australasia, tawi la kampuni ya mafuta ya taifa la Thailand, ikashikilia kwamba mafuta yake hayajafika Rote kuleta madhara hayo.

Hapa ndo wale watu waliponigusa moyo. Hawakukubali kunyamaza. Mwaka 2016 mkulima mmoja wa Rote, Daniel Sanda, akasimama kwa niaba ya wenzake zaidi ya 15,000 wa Rote na maeneo ya Kupang, wakafungua kesi mahakama ya shirikisho ya Australia, kule Sydney. Mkulima wa kijijini, anaongea kupitia mkalimani, anaulizwa maswali na mawakili wa kampuni ya mafuta siku baada ya siku. Jaji akakaa akasikiliza habari za kamba, za miche, mavuno yalikuwa kiasi gani kabla na kiasi gani baada. Machi 2021 hukumu ikatoka, kwamba mafuta yalifika na ndiyo yaliyoua mwani, Sanda alipwe zaidi ya rupia milioni 250 za Indonesia na riba juu. Kampuni ikakata rufaa, baadae Novemba 2022 wakapatana kwa wakulima wote, dola milioni 192.5 za Australia. Sehemu ya hela hiyo ilienda kwa mawakili na waliofadhili kesi, na miaka 13 ni mingi, kuna waliokufa wakisubiri. Lakini neno limeandikwa.

Na neno lenyewe kwangu ndo hili, kwamba mtu wa mwani ni mkulima na bahari ndo shamba lake, ukilichoma unalipa kama uliyechoma shamba la mahindi. Huku kwetu hilo bado halijaingia kichwani. Nimekua nikisikia mwani unaitwa kazi ya kujishikiza, kazi ya akina mama wasiokuwa na la kufanya, na hoteli zilipoanza kuongezeka pwani nikasikia watu wazima wanasema vile vigingi vya kufungia kamba za mwani vinaharibu mandhari ya wageni viondolewe. Viondolewe vipelekwe wapi? Mbona hakuna anayemwambia mwenye shamba la mpunga ang'oe mpunga kwa sababu hauvutii kwenye picha? Mama yangu ameinama kwenye maji ya kiunoni bamvua baada ya bamvua tangu mie sijazaliwa, sare zangu zote za shule zimetoka kwenye zile taitai, vikamba vidogo vya kufungia miche, na hilo siwezi kumvumilia mtu analiita kujishikiza.

Mbegu ya mwani wa biashara ililetwa Zanzibar mwaka 1989 kutoka Ufilipino, kwa hiyo hata mche wenyewe ni ndugu na ule wa kule. Ule mzuri, kotonii, wenye bei, kwetu umekuwa ukifa kwa sababu maji ya pwani yamekuwa ya moto. Unafanya vilevile kama ulivyofanya Rote, unakuwa mweupe, unakatika. Wengi wamebaki na aina nyingine, spinosamu, ambao bei yake ni ya chini, na wanaotaka kotonii inabidi waende maji ya kina kirefu ambako unahitaji chombo na kujua kuogelea, na wamama wengi hawakufundishwa kuogelea.

Siku moja nilimhadithia mama kesi ya Rote yote, mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa anafunga miche, hakuacha kufunga. Akauliza wale nao wanafunga kama sie, nikamwambia ndio mama, vilevile. Akauliza kamba ngapi kila mtu. Afu akanyamaza kidogo akaniuliza, sasa sie huu wa kwetu unaokufa kwa joto, tumshitaki nani?

Nimeshindwa kumjibu, na swali lake nimelala nalo mpaka leo. Joto hilo halikutoka Jambiani. Alfajiri ya kesho maji yanakupwa mapema, ameshaniambia nimuandalie gunia na kamba mpya, anataka ajaribu tena kotonii mistari mitatu kule upande wa mkondo ambako maji yana ubaridi kidogo.