Asubiri Mchui

Tulikuwa tunaandika kitabu cha mchezo wa mezani, ule ambao msimulizi husimulia kisa na wachezaji huigiza mashujaa kwa kutupa dadu. Mlinzi wa hekalu katika mchezo wetu alikuwa paka. Kwenye karatasi alitisha: pointi 60 za uhai, na makucha yanayorarua mara mbili kwa zamu moja. Mezani hakumtisha mtu. Msimulizi akitamka tu "mnamwona paka," mashujaa wenye mapanga wanaanza kumchezeshea kamba, na pambano la kilele linaishia kwa kumkuna kidevu. Tukaamua awe chui.

Mshirika wangu, ambaye ndiye mpanga kurasa, hapendi kazi ya kurudiarudia. Akaiambia kompyuta itafute "paka" kitabu kizima na kuweka "chui", akabonyeza "badilisha zote". Kompyuta ikajibu kwamba imebadilisha mamia. Paka mwenyewe alitajwa kwenye kurasa mbili tu! Mwenzangu akaona hiyo ni dalili ya kazi nzuri, akachapisha nakala za majaribio.

Sasa, kitabu cha kanuni hujaribiwa kwa kupewa watu wasiokijua, na mwandishi hukaa pembeni kimya. Haruhusiwi kueleza kitu, maana mnunuzi hatamkuta mwandishi ndani ya boksi. Ndivyo nilivyokaa, kalamu mkononi, dada mmoja mwenye sauti ya mtangazaji alipoanza kusoma:

"Kila mchezaji asubiri mchui zamu yake ifike."

Kimya.

"Tupa dadu ya pande 20. Utapata namba yoyote kuanzia 1 mchui 20."

"Mchui ndiyo nini?" akauliza kaka aliyeshika dadu, huku akiigeuzageuza kumtafuta.

Wakahamia kwenye historia ya dunia yetu. Milki ya kaskazini inachuina na bahari. Malkia ameketi kwenye kiti cha enzi, amemchuita mtoto wake. Msafiri anashauriwa alale mahali chuivu, na akijeruhiwa atumie dawa ya kuchui.

Nikafungua mdomo. Mwenzangu akanikanyaga mguu: kanuni ni kanuni. Kisha akakumbuka ana simu ya kupiga nje.

Kilichowamaliza ni fahirisi. "Michui ya ramani, tazama ukurasa XX." Hizo XX huwekwa wakati kurasa hazijatulia, ili namba zijazwe mwishoni, na vitabu vya michezo hii vinajulikana kwa kufika dukani nazo. Lakini yule dada hakuhitaji ukurasa. "Mchui, michui," akasema. "Mti, miti. Jamani, ni mti huo!"

Meza nzima ikakubali. Wakasimamisha penseli katikati ya ramani, na kila mmoja akawa anaiomba ruhusa kabla ya kutupa dadu. Penseli ikianguka, zamu imepotea. Na kwa kuwa kitabu kilisema uchawi wa kale "hauna michui", mchawi akakatazwa kuloga karibu nayo. Hoja hiyo, kusema kweli, ilikuwa safi kuliko nyingi nilizoandika mimi. Chui wa hekalu hawakumfikia. Muda uliisha wakiwa bado wanamwagilia penseli.

Nilikuja kusoma kwamba hata wakubwa yamewakuta: miaka ya 1990, kitabu kimoja cha Marekani cha michezo hii kilibadilisha kila "mage" kuwa "wizard", yote mawili yakimaanisha mchawi, na "damage", yaani madhara, likatoka "dawizard". Mashujaa wakawa wanapata dawizard.

Tukasahihisha kila kitu, mipaka ikarudi kuwa mipaka. Tulipowaita tena walewale, walipekua kurasa, wakatazamana, na yule dada akaweka dadu chini. "Mchui mmempeleka wapi?" Wakagoma kucheza.

Basi Mchui yumo. Ana pointi 40 za uhai, hasogei, na lazima asubiriwe. Kwenye ukurasa wa majina ya waandaaji, chini ya jina la mwenzangu, pameandikwa "Mbunifu wa Mchui". Ukurasa huo aliupanga mwenyewe.