Bodalaini: maradhi yanayotibiwa kwa mazungumzo, nasi Zanzibar tuna nani wa kuzungumza?

Maradhi ya haiba yanayoitwa bodalaini (kwa Kiingereza borderline personality disorder), ambayo humfanya mtu aogope mno kuachwa na hisia zake zimzidi ghafla, hayana kidonge chake. Mwongozo wa matibabu uliotolewa Uingereza mwaka 2009 unasema dawa zisitumike kuyatibu yenyewe. Tegemeo ni tiba ya mazungumzo. Kwa Zanzibar, yenye watu karibu milioni 1.9 kwa sensa ya 2022 na hospitali moja tu ya maradhi ya akili, Kidongo Chekundu, hilo ni jambo zito. Wapo wanaotaka tiba hiyo iletwe kama ilivyo. Wapo wanaosema haitufai.

Tiba ya mazungumzo iliyo maarufu zaidi ni ya Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Mgonjwa hukaa na mshauri wake kila wiki, huhudhuria darasa la kikundi, na hali ikimzidi humpigia mshauri simu. Kwa kawaida huchukua mwaka. Mwaka 2011 Linehan alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alilazwa hospitali ya akili alipokuwa msichana.

Wanaodhani hayo ni maneno matupu hawajaona kinachofanyika. Tuseme msichana wa Chake Chake amemwandikia mchumba wake aliyeko Unguja. Alama za WhatsApp zimegeuka buluu, jibu haliji. Kabla ya Magharibi ameshaamini ameachwa, ameshamtukana, ameshajidhuru. Usiku analia akiomba radhi. Nyumbani wataita jeuri, au shetani. Mshauri haiti chochote. Anarudi naye nyuma hatua kwa hatua: ulisoma saa ngapi, ulijiambia nini, mwili ulikuwaje, ni wapi ungeweza kusimama? Kisha wanafanyia mazoezi pale pa kusimama, mpaka pazoeleke.

Wanaopinga wana hoja, na iliyo nzito kwangu si nauli ya kila wiki kutoka Micheweni, ingawa nayo inaumiza. Ni sitara. Katika kikundi cha watu wanane Pemba, hukosi wifi wa jirani yako. Mtu aliyefunzwa tangu utotoni kwamba ya nyumbani hayatoki nje hatafungua kinywa pale, na mimi simlaumu. Kuhusu kisomo na kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Qur'ani, sioni ugomvi: familia inayomsomea binti yao haimtupi, na kutotupwa ni nusu ya anachokihitaji. Ugomvi upo anapopigwa ili shetani atoke.

Lakini si lazima tuchukue mzigo wote wa Seattle. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Toronto uliowafuata wagonjwa 180 kwa mwaka mmoja: nusu walipata tiba ya Linehan, nusu matibabu ya kawaida yaliyopangwa vizuri na watu wanaoyajua maradhi haya. Makundi yote mawili yalipungua kujidhuru, na tofauti baina yao haikuwa ya maana. Nalisoma hilo kama habari njema kwetu. Muuguzi wa afya ya akili aliyefunzwa, asiyemwogopa mgonjwa wala kumkasirikia, mwenye siku na saa maalumu na mpango wa dharura ulioandikwa, anaweza kufanya kazi kubwa Wete au Mkoani, faragha, bila kikundi.

Nisieleweke kwamba yeyote anatosha. Zimbabwe imewafunza mabibi kuzungumza na wenye sonona kwenye mabenchi ya vituo vya afya, na imefanikiwa. Sonona si bodalaini. Anayejidhuru mara kwa mara anahitaji mwenye taaluma, naye muuguzi huyo anahitaji mkubwa wa kumsimamia, hata kwa simu kutoka Unguja, maana kazi hii inachosha moyo.

Na kuna jambo moja lisilohitaji fedha za wafadhili: uhamisho. Mgonjwa ambaye kidonda chake ni kuachwa, akifika Jumatatu akaambiwa muuguzi wake kapelekwa kisiwa chengine, ameumizwa na tiba yenyewe. Wizara ikimpa mtu kazi hii, imwache mwaka mzima, na akilazimika kuondoka, mgonjwa aambiwe wiki kadhaa kabla na akutanishwe na atakayempokea.