Gavana Hakaguliwi kwa Vitisho vya Kumbandua

Wawakilishi wadi wa Nairobi, yaani wanachama wa bunge la kaunti, wakikasirika, jambo la kwanza wanalotishia ni kumbandua gavana. Tarehe 3 Desemba 2020 walilitimiza: wawakilishi 88 waliunga mkono hoja ya kumwondoa Mike Sonko, na wiki mbili baadaye Seneti ikaidhinisha uamuzi huo. Septemba 2025 ilikuwa zamu ya Johnson Sakaja. Sahihi zilikusanywa, kisha Raila Odinga, aliyekuwa kiongozi wa chama cha ODM, akakutana na wawakilishi, akawasihi wampe gavana muda wa kurekebisha mambo, na hoja ikazimika.

Sisikitiki kwamba ilizimika. Kinachonikera ni kuwa miongoni mwa malalamiko yaliyosikika zaidi yalikuwa Hazina ya Maendeleo ya Wadi na basari, yaani fedha ambazo mwakilishi huzitegemea ili aonekane mchapakazi machoni pa wapiga kura wake. Mtu aliyepewa kazi ya kumkagua gavana, na papo hapo anamsubiri mlangoni ili barabara ya wadi yake itiwe lami, atamkaguaje bila kumwonea haya? Pesa zikitoka, kelele zinakoma, na mchuuzi anayelipa ushuru wa kaunti kila asubuhi anaendelea kukanyaga matope yale yale.

Zamani madiwani ndio waliomchagua meya na walikaa naye katika baraza moja. Tangu 2013 gavana huchaguliwa moja kwa moja na wananchi, na mawaziri wake hawaruhusiwi kuwa wanachama wa bunge la kaunti, kwa hiyo kamati ndiyo mahali pa kuwabana. Katiba haikuwanyima wawakilishi meno. Kifungu cha 195 kinawaruhusu kumwita mtu yeyote atoe ushahidi au stakabadhi, kwa mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu, nacho cha 229 kinataka ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ijadiliwe na hatua zichukuliwe ndani ya miezi mitatu baada ya kupokelewa.

Februari 2025, malori ya kaunti yalimwaga taka nje ya makao makuu ya kampuni ya umeme ya Kenya Power wakati pande hizo mbili zikivutana kuhusu madeni. Wengi tulicheka, wengine wakakasirika, lakini maswali yaliyostahili kuulizwa mbele ya kamati yalikuwa makavu zaidi: nani aliidhinisha safari hizo, mafuta yalitoka katika fungu gani la bajeti, na ni mtaa upi uliokosa malori siku hiyo? Maswali ya namna hii hayaleti vichwa vya habari, ila ofisa anayejua kwamba ataulizwa na kutakiwa aonyeshe karatasi hufikiri mara mbili kabla ya kutia sahihi.

Vivyo hivyo kwa taa za barabarani. Kamati inayotaka kujua kama zinawaka iende saa mbili usiku, si saa nne asubuhi (na iwaache wapiga picha nyumbani), ikiwa na mkataba mkononi, ihesabu nguzo moja moja, kisha imwite aliyethibitisha kuwa kazi imekamilika.

Ripoti ijayo ya Mkaguzi Mkuu itakapofika katika bunge la kaunti, ningependa tarehe iliyopokelewa na tarehe iliyojadiliwa zibandikwe pale City Hall, makao ya kaunti, pamoja na majina ya wawakilishi waliohudhuria kikao.