Kabla ya Kuushitaki Muhogo

Kuna hoja inayotembea siku hizi, na ikifika Mtwara au Lindi mshitakiwa wa kwanza ni ugali wa muhogo. Wanga hupandisha sukari, sukari huita insulini, homoni ya kongosho inayoratibu sukari, insulini hufungia nishati kwenye mafuta ya mwili, na njaa hurudi mapema. Basi acha muhogo na ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa huko, kula samaki na korosho.

Hoja hiyo haikuokotwa njiani. Unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu, na sahani ya ugali yenye mboga ya kuchovyea tu haikai tumboni. Mwenye kisukari naye lazima apime wanga wake, hapo sibishani. Ila washitaki wanasahau kwamba insulini hufika pia ubongoni, na kwenye haipothalamasi, panaporatibiwa njaa na shibe, hupunguza hamu ya kula. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani waliingiza insulini kwenye majimaji ya ubongo wa nyani. Wakala kidogo na kupungua uzito. Halafu, samaki tunayehimizwa kumla naye huamsha insulini, kwa kuwa protini huichochea pia. Mbona anashibisha?

Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 linawatia doa zaidi washitaki wa wanga. Watu 20 waliwekwa katika kituo cha utafiti Marekani, wiki mbili wakila wanga mwingi na mafuta kidogo, wiki mbili kinyume chake, kila mtu akila hadi atosheke. Kwenye wanga insulini ilipanda zaidi, lakini walikula pungufu kwa wastani wa kilokalori 689 kwa siku. Wakosoaji wanasema wiki mbili hazitoshi mwili kuzoea mlo mpya. Nawakubalia, ingawa njaa iliyotabiriwa ilipaswa kuonekana mapema.

Wapo wanaogeuza kibao na kuyashitaki mafuta. Panya wakilishwa mafuta mengi, hasa yanayoganda, ubongo wao huanza kuwa kiziwi kwa insulini. Hapo tui la nazi linaponzwa haraka mno: majaribio mengi yametumia mafuta ya nguruwe au asidi ya palmitiki, aina moja ya mafuta yanayoganda, na nazi imejaa zaidi aina nyingine, lauriki. Korosho nayo, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, lakini mengi ni oleiki, aina ya mafuta yasiyoganda, ambayo ilipoingizwa ubongoni mwa panya ilipunguza ulaji. Kuingiziwa kitu ubongoni si sawa na kutafuna, kwa hiyo nisiipe korosho cheti. Isitoshe, bei ya iliyobanguliwa inamzuia mtu kuzidisha.

Ninayemtilia shaka kuliko wote ni fruktozi, ambayo ni nusu ya sukari ya mezani na haiiti insulini nyingi. Mwaka 2013 vijana 20 wenye afya walipimwa ubongo baada ya kunywa glukosi, ambayo ni nusu ya pili ya sukari hiyo, kisha siku nyingine fruktozi. Glukosi ilituliza haipothalamasi na wakahisi shibe. Fruktozi haikufanya hivyo. Ni watu wachache, tena walikunywa sukari moja moja isiyochanganywa. Hata hivyo, minada ya korosho ikifunguliwa na fedha zikaingia nyumbani, kreti ya soda ningeiondoa kabla sijagusa ugali wa muhogo. Ugali ningeuongezea mbaazi.