Prado ya Fedha Kidogo: Shokapu na Springi Kwanza, Spesa Baadaye

Mtu mwenye Toyota Land Cruiser Prado ya toleo la 120, lile lililotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009, akifika gereji na kusema anataka gari liinuke lakini mfuko haujatuna, jibu la kwanza atakalopewa mara nyingi ni spesa, yaani kipande cha kujazia kinachoongeza kimo. Mimi napinga ushauri huo.

Spesa hufungwa juu ya shokapu ya mbele, na kwa jinsi mikono ya tairi (vyuma vinavyoishika tairi na kupanda na kushuka nayo) ilivyopangwa, unene wa milimita 25 hupandisha bodi kwa takriban milimita 50. Bei yake ni ndogo, kazi huisha siku hiyo hiyo, na gari hupendeza machoni. Lakini springi iliyochoka inabaki kuwa ile ile, shokapu inayovuja mafuta inaendelea kuvuja, na kila tairi inapotumbukia shimoni mkono wake hushuka kupita kiwango kilichokusudiwa na kiwanda, hivyo boljointi (kiungo kinachouunganisha mkono na tairi) hulemewa na draivu shafti, yaani shafti inayoizungusha tairi, huzunguka ikiwa imepinda mno, hadi buti zake za mpira zinachanika na grisi inamwagika.

Kabla ya kununua chochote, egesha gari mahali tambarare, chukua futi kamba, upime kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, tairi zote nne, kisha uandike vipimo. Gari lililokwisha tumika Japani kwa miaka mingi na kuja kumalizia maisha kwenye barabara zetu za changarawe huwa limelala, na mara nyingine upande mmoja umelala kuliko mwingine. Sehemu ya kimo ambacho mwenye gari anakitamani ni kile alichokwisha kupoteza.

Kwa hiyo fedha zilizopo, hata kama itabidi kusubiri miezi kadhaa zitimie, ziende kwenye springi mpya zinazopandisha milimita 40 hadi 50 pamoja na shokapu zinazolingana nazo, mbele na nyuma. Hapa ndipo penye uamuzi mgumu zaidi, yaani ugumu wa springi. Watengenezaji kama Old Man Emu wa Australia huuza springi tofauti kwa gari lile lile kulingana na mzigo, na muuzaji anapaswa kuambiwa ukweli: je, mbele kuna bampa la chuma na winchi? Je, nyuma hukaa mzigo kila siku, au ni watoto na mabegi ya shule tu? Springi ya mizigo mizito kwenye gari tupu hurusharusha abiria, na tairi hukosa kushika barabara vizuri kwenye kona yenye changarawe. Gari linalobeba familia halistahili kufanyiwa hivyo kwa ajili ya mwonekano.

Ikumbukwe pia kwamba springi hazinyanyui difu ya nyuma, kasha la gia lililo kwenye ekseli, hata kidogo. Kinachoinyanyua ni tairi pekee, na tairi yenye kipenyo kilichozidi kwa milimita 25 huongeza kama milimita 12 tu.

Kwenye bajeti hiyo hiyo itengwe fedha ya bushi (mipira ya kwenye viungo) zilizokwisha na ya alaimenti, yaani kunyoosha tairi, kwa kuwa gari likiinuka tairi za mbele hubadili mlalo wake. Fundi akague pia mipira inayopitisha mafuta ya breki wakati ekseli ya nyuma imening'inia, ahakikishe hakuna uliovutika.