Maiti Aliyekata Rufaa

Ugumu wa kuigiza vita vya Mtemi Isike, mtawala wa Wanyamwezi, na Wajerumani hapa Tabora ni kwamba hakuna anayetaka kuwa Mjerumani. Kila mtu babu yake alikuwa rugaruga, askari wa mtemi. Hata fundi cherehani wa mtaani kwetu, ambaye kwao ni Lushoto na aliletwa huku na treni akiwa tayari na ndevu, aliapa kwamba babu yake alibeba gobore la Isike. Ikabidi tuchote vijiti. Walioangukiwa na vijiti vifupi wakawa Wajerumani kwa manung'uniko, mmoja akitoa sharti kuwa atapigana ila hatampiga risasi Mnyamwezi yeyote.

Mchezo wenyewe aliuleta binamu yangu, aliyekwenda Uingereza kusoma akarudi na shahada na hiyo tabia. Anasema kule watu wazima, wenye kazi zao na madeni ya nyumba, wanavaa nguo za kale mwisho wa wiki, wanaingia porini na kupigana kwa panga za sponji, kila mmoja akiwa amejipa jina na maisha ya kutunga. Marekani vikundi vya namna hiyo viko tangu 1977. Uingereza, mwaka 1982, walifikia kutumia ngome nzima ya mawe, Peckforton, huko Cheshire, watu wakilipa pesa halali waingie gizani kupambana na mazimwi. Baba mdogo alimsikiliza mpaka mwisho huku akifyonza kokwa la embe, kisha akauliza, "Na wake zao wanajua?"

Wazo la kwanza lilikuwa tumwigize Mtemi Mirambo, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, yule msafiri Mzungu Stanley mwenyewe alimfananisha na Napoleon. Lakini Mirambo alikufa mwaka 1884 kwa ugonjwa. Nani atakubali kuwa shujaa halafu alale akikohoa jioni nzima? Isike ndiye mwenye kifo cha kuigizika. Wajerumani walimshambulia mwaka 1892 wakashindwa kulivunja boma lake, wakarudi Januari 1893 chini ya Tom von Prince wakaingia. Mtemi alipoona mambo yameharibika alijifungia kwenye ghala la baruti akaliwasha. Hapo ndipo historia inapoweka mtego wake: hakufa papo hapo. Wajerumani walimkuta bado anapumua, wakamnyonga vivyo hivyo, nusu mfu. Naomba msomaji aikumbuke hiyo nusu.

Uwanja tuliupata kwa baba mdogo, shamba la miembe upande wa Kwihara. Panga tulitengeneza kwa mabomba ya plastiki yaliyoviringishiwa vipande vya godoro. Risasi zilikuwa vifuko vya tishu vilivyojazwa unga wa muhogo: ukirushiwa kikakupasukia kifuani, unga ndio ushahidi. Nafasi ya Isike aliichukua shemeji yangu, mume wa dada, muuza nyama, mtu wa kimo na sauti. Binamu akawa von Prince. Mimi nikapewa urefa, kwa sababu nimechezesha ndondo misimu mingi na filimbi ninayo.

Sheria ya kufa ilitusumbua kuliko kushona nguo. Binamu alitueleza ya Wamarekani: panga likigusa mkono, mkono umekwenda, unapigania mwingine, ukipoteza viungo viwili umekufa, likigusa kiwiliwili umekufa moja kwa moja. Mpaka hapo sawa. Kisha akasema aliyepigwa ndiye anayetamka mwenyewe kuwa amekufa, kwa uaminifu, anainua silaha juu ya kichwa na kutoka uwanjani. Watu walicheka mpaka kuku wa baba mdogo wakakimbia. Mtu wa Tabora atangaze mwenyewe kwamba amekufa! Mtu ambaye hata kadi nyekundu anaikubali akishabebwa! Binamu, kwa kukasirika, akaongeza kuwa huko Sweden na Norway michezo mingi inamwachia mchezaji achague mwenyewe afe lini na kwa namna gani, ili hadithi yake inoge. Niliona shemeji ameacha kucheka. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyesikia bei nzuri ya ng'ombe.

Tukakubaliana: unga kwenye kiwiliwili ni kifo, na anayetangaza ni refa.

Vita vilianza asubuhi na saa nne nilikuwa tayari na kesi. Kijana mmoja wa upande wa Isike anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Kifuko kilimpata, nilikiona kwa macho yangu, nikapuliza filimbi: umekufa. Akasimama akajikung'uta, vumbi likapanda mpaka kwenye matawi.

"Refa, huu unga ni wa kazini. Mimi hata nyumbani niko hivi."

"Wako ni wa mahindi. Huu ni wa muhogo."

"Na muhogo tunasaga! Jana tumesaga gunia sita!"

Shemeji, kama mtemi wake, akaja kumtetea. Alichota unga kwa kidole kwenye kifua cha kijana, akauonja, akafumba macho kama mpishi wa hoteli kubwa, akatamka kuwa ni dona. Von Prince naye akaonja, akasema muhogo mtupu, tena wa Kigoma. Tulionja sote. Ilipofika zamu ya fundi cherehani kijana wa mashine alikuwa amelambwa akawa safi, ushahidi umeliwa. Nikasema amekufa. Alitoka akilalamika mpaka barabarani, akapanda baiskeli yake, na silaha hakuinua.

Waliofuata walikufa vizuri zaidi, shida yao ikawa kunyamaza. Maiti walikaa chini ya mwembe mmoja wakila maembe na kuelekeza vita. "Kushoto! Anazunguka kushoto!" Nikiwaambia wafu hawasemi, mmoja ananijibu kuwa yeye ni mzimu wa ukoo na kazi ya mzimu ni kuonya. Sikuwa na kifungu cha kumzuia.

Saa saba boma likaanguka. Shemeji akakimbilia ghala la baruti, yaani kibanda cha vijiti ambamo tulitundika mfuko wa sementi uliojaa unga, na pipa tupu la kugonga kwa mshindo. Pipa likalia, mfuko ukapasuka. Wallahi ilipendeza. Wingu jeupe lilitoka kibandani likafunika von Prince na jeshi lake, na ndani yake akatoka shemeji akiyumba, mweupe kuanzia kisogoni hadi kwenye vidole vya miguu, akaanguka chali kwa ustadi ambao sikuwahi kumdhania. Maiti walipiga makofi. Nikapuliza filimbi.

"Mtemi amekufa. Mchezo umekwisha."

"Sijafa," likasema lile gogo jeupe bila kufumbua macho.

"Shemeji, una unga mpaka masikioni."

"Nimelipuka. Sijafa. Kasome historia yako vizuri, nakutwa ninapumua. Hebu tazama." Akapumua, unga ukaruka puani.

Nikamwonyesha sheria. Akasema sheria haiwezi kushinda tukio lenyewe. Nikamwambia mbona unga ule ule ulimuua kijana wa mashine? Akasema yule si mtemi. Kisha akatoa karata yake aliyoificha tangu siku ile: kule Sweden na Norway mtu anachagua mwenyewe afe lini, na yeye hajachagua. Nikamwambia huku ni Kwihara. Mbaya zaidi, adui yake akamuunga mkono. Binamu alikuwa amebeba kamba ya manila kutoka mjini, mpya, ameinunua kwa ajili ya tukio la mwisho, na hakutaka kurudi nayo. Ilikuwa ya kufungwa kiunoni, hatukuwa wendawazimu, ila ilipotupwa juu ya tawi la mwembe ilionekana kamba tu.

Basi ukawa mjadala. Wafu wote walitoka kivulini wakazunguka, huyu anasema amekufa, huyu hajafa, huyu mnyongeni tuondoke njaa inauma. Tulipotaka kupiga kura nikakataza wafu kupiga. Mmoja akanijibu kuwa wafu ndio wengi. Katikati yetu mwili mweupe umelala, kamba inaning'inia, watu wenye magobore ya mbao wanapiga kelele "Amekufa!" "Bado!" "Basi mmalizieni!"

Ni katika dakika hizo ambapo bodaboda mmoja alipita njia ile na abiria wake. Hakusimama. Simlaumu.

Habari ilifika mtaa wa Ng'ambo kabla ya pikipiki kupoa. Ilifika ikiwa imekomaa: shemeji yetu ameuawa na Wajerumani. Wajerumani gani? Wa mradi. Mradi gani? Hapo kila mtu alikuwa na mradi wake. Simu zetu zilikuwa kwenye kapu nyumbani kwa baba mdogo, maana mwaka 1893 hapakuwa na simu, binamu alisisitiza.

Kesi sikuimaliza mimi, mvua ndiyo iliyoivunja. Tukabeba maembe yetu tukarudi mjini, shemeji akiwa ametangulia, unga umemgandia mwilini kama chapati mbichi, bado anakata rufaa kwa kila anayepishana naye. Kona ya nyumbani kwake tukaona turubai. Viti vya plastiki. Moto, na sufuria lile la shughuli. Shemeji akauliza kwa upole, "Kuna msiba wa nani?"

Kilichotusimamisha pale nyuma ya watu ni mtani. Ni Mzaramo aliyeolewa mtaa wa pili, na msiba wa Mnyamwezi haumpiti. Alikuwa amevaa koti la shemeji la kazini, anapita kati ya waombolezaji akipima nyama ya hewani kwenye mizani ya hewani, kidole gumba kimekandamiza sahani. "Kilo kamili, mama! Kilo kamili na mfupa wa zawadi!" Watu waliokuwa wanalia sasa walilia kwa kicheko. Kumbe wote walijua habari ya kidole.

"Hicho kidole ni uongo!" maiti akapaza sauti.

Sitaeleza mbio zilizofuata. Sufuria lilinusurika, hilo ndilo la maana. Dada yangu peke yake hakukimbia. Alimwangalia mumewe juu mpaka chini, akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akasema, "Na suruali ile mpya?"

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amekuja na daftari lake. Alitaka kujua nani alitangaza kifo. Vidole vyote vikanielekea.

"Wewe ndiye uliyesema amekufa?"

"Ndiyo, mzee. Alilipuka saa saba."

"Na bado unasema amekufa?"

"Kwa mujibu wa sheria, ndiyo."

"Mwenyekiti, mimi niko hapa," shemeji akasema.

"Subiri, baba, hujaulizwa."

Mtani naye alikalia kizingiti na jembe mapajani, akisema amelia, amecheza, amevaa koti linalonuka damu ya mbuzi, na haondoki bila ujira wake, marehemu awepo asiwepo. Akalipwa. Wali ukapakuliwa, kwani mchele hauwezi kurudishwa dukani ukiwa umeiva, na shemeji akala msibani kwake sahani mbili. Yote yangeishia hapo kama dada asingemkabidhi daftari la rambirambi.

Akasoma ukurasa wa kwanza akitikisa kichwa kwa shukrani. Ukurasa wa pili akasimama. Kijana wa mashine, elfu moja.

Kijana alikuwa kwenye kiti cha nyuma na sahani yake. Alipotolewa uwanjani alikwenda kulala, akaamshwa na habari za msiba, akaja. Shida ni kwamba ana deni la nyama tangu Idi, elfu arobaini, na mtaa mzima unalijua.

"Elfu arobaini zangu unazo," shemeji akasema, "halafu kifo changu unakitolea elfu moja?"

Kijana akaweka sahani chini taratibu. "Deni lilikuwa la wewe na mimi, mzee. Na sisi wote tumekufa. Mimi nilikufa saa nne, wewe saa saba. Muulize refa."

"Wewe hukufa! Ule ulikuwa unga wa dona, niliuonja mwenyewe!"

"Ulikuwa wa muhogo," kijana akajibu, mkono kifuani. "Nilikataa kwa ubishi tu."

Mwenyekiti akafungua ukurasa mpya akanigeukia. Shemeji akanigeukia. Hata mtani alisimama na jembe lake. Nikasema uamuzi wangu wa asubuhi uko pale pale: huyu kijana alikufa saa nne. Kijana akaruka kwa furaha akaja kunikumbatia, na aliponiachia shati langu jeusi lilikuwa na kifua cheupe pe.

"Kiwiliwili!" shemeji akapiga kelele. "Refa amekufa!" Na msiba mzima ukaitikia kwamba nimekufa, kwa hiyo wafu hawasemi.