Reli nyembamba hata Uswisi wanayo jamani

Leo tumefika Landquart, mji mdogo huku mashariki mwa Uswisi, treni ikiwa imechelewa dakika nne, bibi mmoja pembeni yangu akasonya mpaka nikageuka. Mimi niliyekulia kando ya reli ya kati dakika nne hata siziiti kuchelewa. Ila kilichonikera ni kingine kabisa. Treni ya kupanda milimani kwenda Davos ilikuwa ng'ambo ya platifomu inatusubiri, tukavuka hatua chache na mabegi yetu tukapanda, ikang'oa. Na ile treni ya milimani inatembea kwenye reli yenye upana wa mita moja, upana uleule wa reli yetu ya kati aliyoifikisha Mjerumani Kigoma mwaka 1914!

Sasa kwetu tumeimbiwa miaka yote kwamba ugonjwa ni wembamba wa reli. Haya, leo tunazo tatu: ya kati upana milimita 1000, TAZARA ya kwenda Zambia 1067, SGR mpya ya umeme 1435, na pale Dar ukishuka TAZARA na magunia yako ya mchele wa Mbeya unataka kuunganisha SGR uende Moro, inabidi utafute daladala au bajaji ukatize jiji kwanza. Moro yenyewe unashushwa Kihonda usiku, boda wanakuvamia kila mtu na bei yake.

Najua mtaanza, "huyu kaenda Ulaya juzi tu keshaanza dharau". Dharau ya nini? SGR yetu naisifia mpaka wenzangu hapa wamenichoka, inatumia umeme, kilomita 160 kwa saa, majirani zetu wa Kenya bado wanachoma dizeli (msinipige). Na kwa raha ya safari Mswisi hatufikii, huku watu wamenuna kama wako msibani, hakuna kuku wa Saranda dirishani, na nauli ukiiona bila kadi ya punguzo unaweza kuamua kutembea.

Mwingine ataniambia Uswisi ni kanchi kadogo. Kweli, yote inaingia ndani ya mkoa wa Tabora na nafasi inabaki. Ila ni milima mitupu, kila kona wametoboa handaki, sisi pale Itigi hadi Tabora ni tambarare unaweza kuviringisha chungwa.

"Wana hela." Sawa wana hela, ila ratiba inaandikwa kwa kalamu jamani. Tangu 1982 hawa treni zao zinaondoka dakika zilezile kila saa nchi nzima, halafu 1987 wananchi wakapigia kura mpango mkubwa wa reli, ratiba ikapangwa kwanza ndio wakajua wajenge wapi. Zürich mpaka Bern wakaishusha chini ya saa moja mwaka 2004, wala sio kwa kujionyesha, walitaka ifike kabla saa haijagonga ili wa treni nyingine na wa basi wote wawahi. Mji wa Chur, jirani na hapa Landquart, kituo cha mabasi kimewekwa juu ya reli kabisa, unapanda ngazi tu basi hilo hapo.

Sisi tunazindua stesheni, tunapiga picha, ya kumfikisha mama nyumbani na ndoo yake ya asali anajua mwenyewe. Na wewe unayeandaa "rudi basi ujenge", nakuja Desemba, niambie tu kutoka Kihonda mpaka mjini usiku boda halali ni shilingi ngapi maana kila ninayemuuliza ananitajia bei ya diaspora.